Taa za Tela Zinapogoma

Katika nyumba za madereva wa masafa marefu, baba huaga na mama hubaki akihesabu vituo: Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako, Tunduma. Wasomaji wa ukurasa huu watatuwia radhi leo tukiwatoa jikoni na kuwapeleka nyuma ya lori. Maana tela lisilo na taa usiku, aliye nyuma yake, awe juu ya pikipiki au ndani ya basi lenye watoto, halioni mpaka amelifikia.

Hitilafu iliyo ya kawaida sana ni ya arthi. Dalili yake ni ya ajabu kidogo: dereva akanyagapo breki, taa za indiketa nazo huwaka kwa unyonge, ama taa zote hufifia kwa pamoja. Umeme uliokosa njia ya kurejea kwenye betri hujipenyeza kupitia balbu nyingine. Wengi hukimbilia kununua balbu mpya, fedha ikapotea bure. Wengine hudhani kuwa chuma cha tela kikigusana na chuma cha lori, arthi imetimia. Wanasahau kuwa pale vinapoungana pamepakwa grisi, na grisi haipitishi umeme ipasavyo. Tela lahitaji waya wake wa arthi, ambao katika plagi ya pini saba ya lori la volti 24 ni ule mweupe, pini namba 1. (Rangi msiziamini mno, huenda fundi aliyetangulia alitumia waya aliokuwa nao mkononi.)

Fyuzi ikikatika, chomoeni plagi ya tela, wekeni fyuzi ya kiwango kile kile, kisha washeni taa. Ikidumu, na kukatika tena plagi inaporudishwa, kosa li kwenye tela: mara nyingi ni waya uliochubuka kwa kusuguana na chasisi, au maji yaliyoingia kwenye soketi. Kuweka kipande cha waya mahali pa fyuzi ni kuliandalia lori moto, na twashangaa kuwa watu wazima wangali wakilifanya jambo hili.

Ikizimika taa moja tu, anzeni na balbu. Ya volti 12 ikiwekwa kwenye lori la volti 24 huungua papo hapo. Ikiwa nzima, kwangueni kutu.

Nanyi akina mama msione haya. Gari lingali mlangoni, simameni nyuma ya tela, naye akanyage breki, awashe indiketa ya kushoto, ya kulia, kisha taa ndogo, nanyi mmwambie kwa sauti ipi haikuwaka.