Muulize Askari, Usiogope

"Ukimuuliza askari kama anawaza kujiua, umemtia wazo." Nimelisikia hili Voi mara nyingi, hata matangani, na kila mara linaniuma. Si kweli. Tafiti za miaka mingi hazikuona kuuliza kukiongeza hatari. Aghalabu anayeulizwa hupata ahueni. Huko Marekani, mtafiti Craig Bryan na wenzake waliwafuatilia wanajeshi 97 waliokuwa hatarini. Baadhi waliahidi tu kutojidhuru. Wengine waliandika kwenye kadi ndogo, kwa mkono wao, dalili za kuzidiwa, mambo yanayowatuliza na watu wa kuwapigia simu. Matokeo yalitoka 2017: katika miezi sita, wenye kadi walijaribu kujiua kwa asilimia 76 chini ya wenzao. Ahadi haikutosha.

"Ni Somalia iliyowaharibu." Jeshi letu la Kenya, KDF, liliingia huko Oktoba 2011, na machungu ya shambulio la kambi ya El Adde la Januari 2016 hayajapoa. Lakini utafiti wa 2015, uliohusu wanajeshi wa Marekani karibu milioni 3.9, haukuona kwamba kupelekwa vitani kunaongeza kujiua. Walioacha jeshi, hasa mapema, ndio waliokuwa hatarini zaidi. Basi yule aliyerudi Wundanyi au Taveta bila sare, bila mshahara, bila wenzake, aangaliwe hata kama hakuvuka mpaka.

"Kueleza ya moyoni ni mambo ya Wazungu." Hili linanishangaza likitoka kinywani mwa Mtaita. Kutasa ni nini? Mtu hupuliza pombe ya miwa kutoka kinywani huku akitamka maneno ya kuitoa hasira moyoni. Mwanaanthropolojia Grace Harris aliandika kitabu kizima juu yake, kilichotoka 1978. Sisemi kutasa ni tiba ya anayetaka kufa. Nasema kulitamka lililo moyoni hakukuletwa na meli.

"Aliyeamua ameamua." Mwaka 2006 jeshi la Israel liliagiza askari waache bunduki kambini wikendi. Kujiua kulipungua kwa asilimia 40. Saa mbaya hupita. Kwa mstaafu asiye na bunduki, sumu ya shambani ikae kwa jirani.

"Ukimpeleka hospitali atashtakiwa." Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba. Mpeleke Hospitali ya Moi, Voi, ukae naye mpaka aonwe. Usiku ukiwa mrefu, pigeni 1199 ya Msalaba Mwekundu. Ni bure.