Eti Kambini Tuna Wakati Mwingi?

Wandugu, leo nitaudhi watu. Wengine ni marafiki zangu, wengine ndio wanatuandalia semina.

Kila mgeni anayefika hapa Nakivale anasema eti sisi vijana tuna wakati mwingi. Na sisi tumekubali. Mchoraji anakwambia, "Nitaanza nikipata laptop." Mwanamuziki anasema, "Nitarekodi nikifika Marekani." Mimi pia nilikuwa hivyo. Miaka mitatu nilijiita mwandishi, na daftari langu lilikuwa na kurasa kumi na moja. Kumi na moja! Kazi yangu ya kweli ilikuwa kungojea.

Ukweli ni kwamba wakati tunao, lakini si wetu. Asubuhi foleni ya maji. Siku ya mgao imekwisha yote. Siku ya kuhakiki kadi, vilevile. Usiku ujumbe unaingia: "Kesho saa mbili mkutano, usikose." Unafika saa mbili, wakubwa wanafika saa tano. Mtu akiitwa na kungojeshwa hivyo miaka na miaka, anasahau kwamba siku inaweza kuwa na mwenyewe. Ndiyo maana nasema ratiba kwa msanii mkimbizi si mambo ya kujidai. Ni kurudisha kitu tulichonyang'anywa.

Mtasema sanaa inakuja na hisia, haitaki saa. Basi mama yako anangoja hisia ndipo apalilie maharage? Anapalilia kwa sababu magugu hayamngojei.

Mtasema hatuna vifaa. Behrouz Boochani, Mkurdi kutoka Iran, alizuiliwa na Australia kwenye kisiwa cha Manus, Papua New Guinea. Kitabu chake alikiandika kwenye simu, akituma vipande vipande kwa WhatsApp. Kilitoka 2018, na 2019 kikashinda tuzo kubwa ya fasihi ya jimbo la Victoria, katika nchi ileile iliyokataa asiingie. Sisemi mateso ni mazuri, hapana. Nasema vipande vidogo, ukivirudia kila siku, vinakuwa kitabu.

Mimi saa yangu ni kumi na moja na nusu mpaka saa moja asubuhi. Simu naichaji jioni dukani, data naizima. Nikikosa asubuhi, naandika nusu saa usiku. Sikubali kukosa siku mbili mfululizo. Jumapili napumzika. Mwaka jana nilimaliza hadithi sita. Si nyingi, lakini zina mwisho.

Ila niseme na aibu yangu. Nilipoanza, madumu ya maji alibeba dada yangu peke yake. Siku moja akaniuliza, "Na mimi saa yangu ni ipi?" Nilikosa jibu. Yeye anashona, na anachora mitindo yake mwenyewe. Sasa tunapokezana: siku yangu ya maji, siku yake ya maji. Kaka, kama nidhamu yako inasimama juu ya mgongo wa dada yako, huo ni wizi. Na mama mwenye watoto wadogo akipata dakika ishirini tu, hizo nazo ni ratiba. Asichekwe.

Sasa ninyi wa mashirika. Mnatufundisha kupanga muda kwenye semina inayoanza imechelewa masaa matatu. Siku mbili kabla ya 20 Juni, Siku ya Wakimbizi Duniani, mnapiga simu: chora ukuta, tunga wimbo, leta ngoma. Malipo ni soda na fulana. Halafu ripoti inasema mmekuza vipaji! Saa yangu ya kazi ni kazi, kama yako ya ofisini. Tuletee kazi kwa maandishi, wiki tatu mbele, na bei yake. Mkutano uanze saa uliyotaja. Ukishindwa hayo, usinifundishe nidhamu.

Na sisi tusijifiche nyuma ya makosa yao. Hata wakijirekebisha wote kesho, hakuna atakayekuja kuniandikia ukurasa wa kumi na mbili.

Chagua saa yako leo. Watangazie watu wa nyumbani, mgawane maji na jiko. Baada ya siku thelathini tukutane tuonyeshane. Usilete ulichoanza. Leta ulichomaliza.