Mtoto wa Kupakatwa Naye ni Abiria

Kila aliyewahi kupanda daladala Dar es Salaam anaijua sauti ya konda: "Mama, mpakate mtoto!" Hiyo ni hesabu ya biashara. Mtoto mdogo halipi nauli, na asiyelipa nauli hana siti. Mama anampandisha mapajani, abiria mwingine anakaa, gari linaondoka. Hakuna anayegomba, maana wote tumekulia ndani ya hesabu hiyo. Wengine tulipakatwa hata na abiria tusiowajua, mpaka mama alipopata pa kukaa.

Tatizo ni kwamba hesabu hiyo tumehama nayo mpaka kwenye teksi. Ukiita gari kwa simu unalipia gari zima. Nauli ni ileile, ukae peke yako au na watoto wawili, na hakuna konda wa kukupigia kelele ubane nafasi. Lakini zichungulie IST zinazopita barabara ya Sam Nujoma jioni. Mama amekaa nyuma, pembeni yake kuna mkoba na mfuko wa sokoni, mtoto yuko mapajani. Yaani mkoba una siti, mtoto hana. Au mtoto amesimama katikati ya siti mbili za mbele, ameshika mabega ya dereva, anaangalia foleni kama vile yeye ndiye konda. Tunacheka, tunasema mtoto mchangamfu huyo.

Hoja yangu ni fupi: mtoto naye ni abiria. Tukikubali hilo, mengine yanafuata. Abiria ana siti yake, ana mkanda wake, ana mtu anayehakikisha amepanda na kushuka salama. Tukiendelea kumhesabu kama sehemu ya mwili wa mama, au kama mzigo mwingine wa mama, tutaendelea kumsafirisha kama mzigo.

Najua kuna msomaji ameshaanza kujiuliza haya mambo ya wazazi yanatuhusu nini sisi wa chuo. Yanatuhusu sana. Wapo wenzetu wanaosoma huku wananyonyesha, na UE ikikaribia wanampeleka mtoto kwa bibi yake Mbagala au Kimara na begi la nepi begani. Wapo wanaopigiwa simu na dada au shangazi: "Nenda kamchukue mtoto shule, wewe si uko likizo." Wapo wanaoshika usukani wa teksi au bodaboda bumu likichelewa. Na sisi tunaosoma Elimu, miaka michache ijayo ndio tutasimama getini asubuhi kuwapokea watoto wakishuka kwenye hivyo vyombo.

Tuanze na mikono ya mama, kwa sababu ndiyo tunayoiamini kuliko mkanda. Mwendo wa mwisho unaoruhusiwa mjini ni kilomita 50 kwa saa. Hiyo ni karibu mita 14 kwa sekunde moja. Tuseme gari limegonga kitu na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Wa Fizikia watanisahihisha, lakini ukipiga hesabu utaona kuwa mtoto wa kilo 10, ambaye ni mtoto wa mwaka mmoja hivi, anavutwa kwenda mbele kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 140. Gunia la mahindi ni kilo 100. Nani kati yetu anaweza kulidaka gunia moja na karibu nusu kwa mikono, ghafla, huku yeye mwenyewe anarushwa mbele? Mapenzi ya mama hayapimiki, ila misuli ya mikono inapimika, na kipimo chake hakifiki hapo.

Wengine hujiona wajanja, wanapitisha mkanda mmoja juu ya mama na mtoto kwa pamoja. Hiyo ni mbaya zaidi. Gari likigonga, mwili wa mama wa kilo 60 au 70 unamkandamiza mtoto kwenye mkanda. Mtoto anageuka mto wa kumkinga mama.

Halafu kuna maumbile yenyewe. Kwenye kozi ya makuzi ya mtoto tunasoma kwamba kichwa cha mtoto mchanga ni kama robo ya urefu wa mwili wake, wakati cha mtu mzima ni kama sehemu moja ya nane. Kichwa kikubwa, shingo changa. Ndiyo maana viti vya watoto wachanga hufungwa mtoto akiangalia nyuma, ili mgongo wa kiti upokee kichwa, shingo na mgongo kwa pamoja. Mkanda wa kawaida wa gari nao umepimwa kwa mwili wa mtu mzima. Kwa mtoto mfupi unapita shingoni na tumboni badala ya kifuani na kwenye nyonga. Ndiyo maana watoto wakubwa kidogo huwekewa kiti cha kuwainua.

Shirika la Afya Duniani linasema ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kuua watu wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani. Umri huo unaanza na mtoto wa chekechea, unapita msingi na sekondari, na mwisho unatukuta mimi na wewe.

Sasa, rahisi kusema ni kwamba kila teksi iwe na kiti cha mtoto. Niliwauliza madereva kwenye kijiwe cha nje ya chuo. Mmoja alicheka kwanza, akasema, "Dogo, gari sio langu. Bosi anataka hesabu yake, mafuta juu yangu, kampuni inakata asilimia yake. Hicho kiti nikinunua nakiweka wapi nikipata abiria wanne?" Ana hoja. Kiti kinakula nafasi ya abiria au nafasi ya mizigo, na anayekigharamia sio anayefaidika nacho. Hata Uingereza, ambako mtoto hutakiwa kukaa kwenye kiti chake mpaka afikishe miaka 12 au urefu wa sentimita 135, teksi zimeachiwa mlango. Dereva akiwa hana kiti hicho, mtoto anaruhusiwa kukaa siti ya nyuma bila kiti, na kuanzia miaka 3 lazima afunge mkanda wa kawaida. Kwa hiyo ugumu huu sio wetu peke yetu. Ila angalia walichobakiza baada ya kulegeza sheria: siti ya nyuma na mkanda. Sisi hata hivyo viwili tumeshindwa, na vimo ndani ya gari tayari.

Vimo, lakini vimefukiwa. Hizi IST, Vitz na Passo zimetoka Japani na mikanda yake ya nyuma mizima. Zikifika hapa, kitu cha kwanza ni makava ya siti ili gari lionekane safi. Fundi anavuta kava, vishikizo vya mikanda vinabaki chini yake. Ukimwambia dereva unataka kumfunga mtoto mkanda, anakugeukia kwa mshangao: "Nyuma hamna shida, dada, trafiki hasumbui nyuma." Mtoto hafungwi mkanda kwa ajili ya trafiki.

Kwa hiyo kabla hatujafika kwenye madai makubwa, kuna mambo yasiyohitaji hata shilingi. Ukiwa na mtoto, omba mkanda ufukuliwe kabla gari halijaondoka, sio mkifika Mwenge. Mtoto anayeweza kukaa mwenyewe, mpe siti yake nyuma na mkanda wake. Haujamkaa sawasawa, ni kweli, lakini ni bora kuliko mapaja. Asikae mbele. Mfuko wa hewa wa kwenye dashibodi hufumuka kwa nguvu iliyokusudiwa kifua cha mtu mzima, na kwa mtoto unakutana na uso. Mlango wa nyuma una kitufe kidogo pembeni, karibu na kitasa cha kufungia. Ukikisukuma, mlango haufunguki kwa ndani. Madereva wote wanakijua, abiria wengi hatujui kama kipo. Mwambie pia afunge vioo vya umeme kwa swichi yake. Kupanda na kushuka iwe upande wa kushoto, upande wa waenda kwa miguu. Wakati wa kupanda mtoto atangulie, wakati wa kushuka mkubwa atangulie. Linganisha namba ya gari na iliyo kwenye simu, kisha mtumie mtu wa nyumbani taarifa za safari. Na usimwache mtoto garini "dakika moja tu" ukimbilie duka la dawa. Kwa joto la Dar, gari lililofungwa vioo ni jiko.

Kwa mtoto mchanga sina dawa kamili, na sitaki kudanganya mtu. Bila kiti chake hakuna mkao ulio salama. Kinachobaki ni kukaa nyuma, mama afunge mkanda wake mwenyewe, mtoto awe nje ya huo mkanda, na dereva aambiwe mapema: "Kaka, tuna mtoto mchanga, twende taratibu." Maneno hayo tunayaonea aibu kuliko tunavyoiogopa ajali. Tunaogopa kuonekana tunajidai au tunamfundisha dereva kazi. Mwenye gari la kuitwa kwa simu anatafuta nyota tano. Mwambie tu.

Wapo watakaosema wazi kwamba bora mtoto wa kwenye teksi, kuna wa kwenye bodaboda. Ni kweli. Kanuni za pikipiki za biashara zinakataza kubeba mtoto wa chini ya miaka 9, lakini simama nje ya shule yoyote ya msingi saa kumi na mbili na nusu asubuhi uhesabu. Watatu kwenye pikipiki moja, begi mgongoni, mdogo kabisa amekaa juu ya tenki. Mzazi hayupo, kuna "dereva wetu tunayemwamini". Mwenye uwezo kidogo anatumia bajaji, ambayo haina mlango, na mtoto anakaa pembeni kwa sababu anapenda upepo. Akae katikati, na awe na mkubwa. Ila kuwepo kwa hatari kubwa hakufanyi hatari ndogo iwe usalama. Mzazi anayejibana kulipia teksi siku ya kliniki ili mtoto asipande pikipiki, amelipia usalama. Basi aupate wote.

Wapo pia wa "mbona sisi tulikua hivyohivyo na tuko hai". Tuko hai, ndiyo, na tunaongea. Ambao hawako hai hawana nafasi ya kuandika kwenye gazeti hili. Na wapo wa "ajali haina kinga, ni mipango ya Mungu". Mimi ni mtu wa dini. Lakini kila jioni tunafunga milango kwa komeo na kuchomekea neti, kisha ndipo tunasali. Hakuna anayeona kuwa neti inashindana na Mungu.

Madai yangu ni matatu. La kwanza ni kwa LATRA na Jeshi la Polisi. Sheria yetu ya Usalama Barabarani ni ya mwaka 1973, wakati hakuna aliyewaza kwamba ipo siku mtu ataita teksi kwa kugusa kioo cha simu. Tusisubiri sheria kubwa. Kila mwaka magari yanakaguliwa na kubandikwa stika za Nenda kwa Usalama. Teksi isipewe stika kama mikanda ya nyuma haionekani na haifungiki. Kukata tundu kwenye kava ni kazi ya mkasi na dakika tano.

La pili ni kwa kampuni za teksi za mtandao. Programu zenu zinaniuliza kama nataka gari dogo, bajaji au pikipiki. Ziniulize pia kama nasafiri na mtoto. Madereva wachache wenye viti wapewe safari hizo na asilimia inayokatwa ipungue, ili kiti kimlipe aliyekinunua. Dereva aliyenicheka pale kijiweni ndiye atakuwa wa kwanza kukitafuta Kariakoo.

La tatu ni kwa serikali yetu ya wanafunzi. Mnakaa na madereva wa kijiwe kila mwaka kujadili nauli za usiku. Ongezeni sharti moja: gari litakaloegeshwa getini liwe na mikanda ya nyuma iliyo wazi. Na kwenye bajeti ya ustawi wa wanafunzi, nunueni viti viwili tu vya watoto, vikae ofisini, mama mwanafunzi aazime kwa kitambulisho kama tunavyoazima kitabu maktaba. Viti viwili havitaimaliza shida ya Dar, ila mwenzetu mmoja atafika Mbagala na mtoto wake akiwa amefungwa vizuri, na dereva mmoja atajifunza jinsi kinavyofungwa.

Wakati tunasubiri majibu, mkoba ushuke chini. Siti ni ya mtoto.