Saa moja ya bwawa

Najua nimewatupa. Baridi ilinikalia vibaya, nikawa natoka kazini naingia kitandani. Leo nimejikongoja kuandika kwa sababu mmenichosha na swali lenu: eti unalipa hela ili ukimbie? Ndiyo, nalipa, na leo nawaambia kwa nini.

Kwanza mama mkubwa, shikamoo, halafu nakuomba uache kusema nimependeza kila ukiona picha yangu. Ule unene si neema. Daktari alinipima presha, akanitazama, akanipima tena. Akasema nianze kutembea kila siku, la sivyo tutaanza vidonge. Sasa nitembee wapi Januari, nje nyuzi 20 chini ya sifuri na barabara imekuwa kioo? Wenzetu wa Minneapolis katikati ya mji wana zile njia za juu zilizofunikwa, zinazounganisha jengo na jengo. Wengine wanakwenda asubuhi Mall of America kule Bloomington, wanazunguka maduka hata pipi hawanunui. Mimi nakaa Saint Paul, na kituo cha mazoezi cha mtaa kiko dakika kumi kwa basi. Basi nikajiandikisha.

Siku ya kwanza niliingia kama naingia msibani, kuanzia mlangoni: habari zenu, habari zenu. Hakuna aliyeitikia. Kila mtu amechomeka vitu masikioni. Dada mmoja akavitoa, akaniuliza kwa upole kama nimepotea. Nikanywea. Nikapanda mashine ya kukimbilia, nikajikokota dakika kumi na tano, nikashuka nikijisifu. Mzee mmoja wa Kizungu aliyekuwa anangoja akanyanyua chupa ya dawa na karatasi, akaitazama mashine, akanitazama mimi. Jasho langu lilikuwa limetapakaa kote! Wallahi nilitamani ardhi ipasuke. Nikafuta, akatabasamu, akapanda. Mpaka leo jina lake silijui, lakini tukionana tunainamiana vichwa.

Taratibu nikaanza kuuelewa ule ukimya. Wana adabu zao, tena nyingi. Ukimaliza na vyuma unavirudisha ulipovitoa. Hukai juu ya mashine unachezea simu. Na hili ndilo lililonishangaza: ukiwa unanyanyua chuma, mtu usiyemjua anaweza kuja kukuuliza umebakisha mizunguko mingapi, na kama bado, mnapokezana. Wewe ukipumzika, yeye ananyanyua. Mimi nilidhani huku kila mtu na lake, kumbe kwenye vyuma wanapokezana vizuri kuliko sisi tulivyokuwa tukigombana kwenye bomba la maji pale Ngamiani.

(Habari za chumba cha kubadilishia nguo siandiki. Babu anasoma hapa.)

Sasa nije kwenye bwawa, maana ndilo lililonifanya niandike. Kituo chetu kina saa moja kwa wiki ya wanawake peke yao. Mapazia yanashushwa, mlinzi wa bwawa anakuwa mwanamke, na tunaingia: Wasomali, Waoromo, sisi wa pwani, na Wazungu kadhaa pia, hasa akina mama watu wazima wasiopenda kutazamwa. Wiki mbili zilizopita mwanamume mmoja alisimama pale mapokezi akilalamika, sauti juu, kila mtu amsikie. Analipa ada ile ile, kwa nini afungiwe bwawa? Dada wa mapokezi akawa anababaika.

Huyu mtu simchukii. Lakini ndiye huyo huyo ninayemwona kwenye vyuma akipokezana na vijana bila shida. Kule anaelewa kwamba kifaa ni kimoja na watu ni wengi. Kwenye bwawa anasahau. Wiki nzima bwawa liko wazi kwake, sisi tuna saa moja, na ada tunalipa pia.

Wala si jambo la jana. Mwaka 2013 YMCA na polisi wa Saint Paul walishirikiana kuwawekea wasichana wa Kisomali wa miaka 5 hadi 17 muda wao wa kuogelea. Kule Minneapolis, mtaa wa Cedar-Riverside, wasichana waliokuwa wakicheza mpira wa kikapu walikaa na watu wa Chuo Kikuu cha Minnesota wakabuni jezi zao wenyewe za stara, zikaonyeshwa mwaka 2015. Watoto hawa walikuwa wanataka kucheza tangu mwanzo. Mlango tu ndio ulikuwa mwembamba.

Na kuogelea si anasa. Jimbo hili lina maziwa 11,842, hapo yamehesabiwa yale ya kuanzia eka 10 tu. Mimi nimezaliwa Tanga, bahari naisikia usingizini, lakini pale Raskazone waliojitupa majini ni kaka zangu. Sisi tuliishia magotini, tumeshika khanga. Usiku ule wa Septemba 2011, Spice Islander ilipozama ikitoka Unguja kwenda Pemba, mnakumbuka wote tulivyokesha na redio. Niliwaza jambo moja tu: ningekuwa mle, ningefanya nini? Sasa kule Nungwi kuna mradi wa Panje, wanawafundisha wasichana wa Zanzibar kuogelea wamevaa mavazi yao ya kufunika mwili. Picha zao zilizopigwa na Anna Boyiazis zilipata tuzo ya World Press Photo mwaka 2018. Nilizitazama nikalia. Mimi nimekuja kujifunza kuelea nina miaka 44, ng'ambo, kwenye maji yanayonuka dawa.

Lakini na sisi tuambiane ukweli. Saa yetu ikianza saa moja jioni, wengine tunaingia saa moja na nusu tunacheka. Tunaruka bafu kabla ya kuingia majini, na tangazo lipo ukutani. Juzi dada yetu mmoja aliingia na dera la pamba. Nguo ya pamba inanyonya maji inakuwa nzito, inaweza kumzamisha mtu, na nyuzi zake zinaingia kwenye machujio. Mlinzi alipomwambia atoke, akasema ni ubaguzi. Si ubaguzi, dada! Burkini zinauzwa, na asiye nayo nitamwazima yangu ya zamani. Yule bwana wa mapokezi anangoja sababu, tusimpe sisi.

Jumatano iliyopita nilikata bwawa lote, upana lakini, si urefu, bila kushika ukingo. Presha imeshuka, daktari ameahirisha vidonge. Mama mkubwa, usiombe picha. Simu haziruhusiwi mle ndani.