Nilisema besi ya Kayole ni ya milioni ishirini. Hiyo kufuli ni makosa yangu

Wale mko hapa kitambo mnakumbuka ile vidio yangu ya dabo besi. Kwa wageni: dabo besi ni ile fidla kubwa inayomzidi mtu urefu, unaipiga ukiwa umesimama. Hii ilikuwa kwa stoo ya kanisa moja hapa Kayole, nyuma ya viti vya plastiki vilivyovunjika miguu. Mwalimu wa kwaya alinitumia ujumbe: "Kijana wangu, wewe ni mtu wa intaneti. Kuna broka anatupea elfu ishirini kwa hii kitu, anataka kuiweka kwa mkahawa iwe urembo. Hiyo ni bei ama ni wizi?"

Nikaenda na simu na taa yangu ya kurekodi. Nikamulika ndani ya tundu, nikaona karatasi imebandikwa. Juu jina la Stradivarius, katikati mwaka wa 17 na kitu, halafu chini kabisa kwa herufi ndogo: Made in Germany. Manze, nilipiga nduru. Nikaambia watu kuna milioni ishirini imelala Kayole na broka anataka kuibeba na thao ishirini. Ile vidio ilitazamwa kuliko kitu chochote nimewahi kuweka.

Nilikosea. Na jibu lilikuwa hapo kwa lebo, nikalisoma kwa sauti mbele yenu wote na bado sikulisikia.

Antonio Stradivari alikuwa Mwitaliano wa Cremona, akafa 1737. Anajulikana kwa fidla na cello, si kwa besi kubwa. Sasa Mwitaliano wa zamani hizo aandike kwa Kiingereza kwamba kitu chake kimetoka Ujerumani, ili iweje? Maneno hayo yalienea baada ya sheria ya Uingereza ya 1887, iliyobana bidhaa za nje zisijifanye za Uingereza. Marekani nayo ikaweka sheria yake 1890, bidhaa zitaje nchi zilikotoka. Kwa hivyo ukiona hayo maneno kwa lebo, jua unaongea kuhusu mwisho wa karne ya 19 kuja huku. Ukiona Western Germany, hiyo ni ya baada ya vita vya pili, nchi ikiwa imegawanywa.

Jina la Stradivarius lilikuwa la kuonyesha umbo limeigwa kutoka kwa nani. Lebo kama hizo zilichapishwa kwa wingi, zikabandikwa kwa fidla za bei ya mtu wa kawaida. Ni kama jezi ya Gikomba yenye Messi mgongoni. Jezi inaweza kuwa poa sana, lakini Messi hakuivaa.

Zilitoka wapi? Kuna miji miwili inatajwa kila mara. Mmoja ni Mittenwald, kule milimani Bavaria, ambako Matthias Klotz alianzisha kazi ya fidla karne ya 17. Mwingine ni Markneukirchen, Saxony, ambako mafundi wa fidla waliunda chama chao 1677. Huo wa pili ndio unanifurahisha, kwa sababu ni kama jua kali yetu. Familia moja inachonga vichwa tu, nyingine inachonga vifuniko vya mbele, nyingine inaunganisha, halafu mfanyabiashara anakusanya na kusafirisha. Biashara ilikua hadi Marekani ikaweka ofisi ya kibalozi kwa huo mji mdogo. Ndiyo maana besi nyingi za huko hazina jina la fundi. Zilipitia mikono mingi, na hakuna mkono uliotia sahihi.

Najua kwa nini nyinyi na mimi tuliamini haraka. Huku kwetu kitu kikiitwa cha Mjerumani tunasimama wima. Na si uongo wote: 1916, vita vikiendelea, Wajerumani walitengeneza sarafu za dhahabu za rupia 15 pale Tabora, zina picha ya ndovu, na wakusanyaji wanazitafuta hadi leo. Lakini pia mnakumbuka zile hadithi za cherehani za Singer, ati ndani kuna zebaki nyekundu ya mamilioni. 2009 huko Saudia watu walizigombania kwa bei za wazimu, na hakukuwa na kitu ndani. Mimi nilifanya ile ya cherehani, tofauti ni kwamba yangu ilikuwa ya mbao.

Baada ya vidio, fundi mmoja wa fidla alikuja kuiona, bure, na hakutaka kurekodiwa. Lebo hakuiangalia kabisa mwanzoni. Alianza na ukingo wa tundu. Besi ina matundu mawili mbele yaliyopinda kama herufi f, na pale mbao imekatwa unaona unene wake. Ukiona tabaka tabaka kama mandazi yaliyokunjwa, hiyo ni plaiwudi. Kuna plaiwudi nzuri tu, kampuni ya Framus ya Ujerumani ilianza 1946 na ikauza nyingi, lakini bei yake ni ingine. Yetu mbele ni mbao nzima iliyochongwa, mistari ya mti inaingia hadi ndani. Hapo ndipo nilimwona akitabasamu mara ya kwanza.

Akaenda nyuma. Mgongo wa yetu ni bapa, haujabinuka. Besi nyingi za zamani ziko hivyo, na shida yake ni kwamba mgongo bapa huwa na fito ndani zinazokatiza upana wake. Hewa ikikauka mbao inasinyaa, fito hazisinyai nayo, basi kitu kinapasuka. Fikiria Januari ya Nairobi ndani ya stoo ya mabati. Yetu ina nyufa mbili mbele. Moja fundi aliipitisha kidole akasema hii si kitu. Ya pili iko karibu na roho, na hapo alinyamaza.

Roho ni kijiti kimesimama ndani, kati ya mbele na mgongo, hakijabandikwa, kinashikwa na mgandamizo tu. Kinabeba sauti kutoka mbele kwenda nyuma. Sijatunga hilo jina, Wafaransa na Waitaliano wanakiita roho kwa lugha zao. Ufa pale unaangusha bei vibaya, na ukiwa mgongoni ndiyo mbaya zaidi.

Halafu shingo. Kuna mtu zamani aliibandika na gundi nyeupe ya seremala. Mafundi wa fidla hutumia gundi ya ngozi ya mnyama, ambayo ukiipa joto na maji inaachilia, unarekebisha, unabandika tena. Hiyo nyeupe haiachilii kirahisi, na ukilazimisha inatoka na mbao. Tafadhali, kama kwenu kuna fidla, gitaa, chochote cha zamani kimepasuka, weka supa glu chini na utoke polepole.

Sasa bei, kwa sababu najua mliruka hadi hapa. Besi ya aina hii ikiwa imetengenezwa vizuri, inaimba, iko dukani London au Berlin na muuzaji anayeaminika amesimama nyuma yake, inauzwa kwa maelfu ya dola, na kuna zinazofika zaidi ya milioni moja ya Kenya. Yetu iko Kayole, ina ufa kwa roho, shingo ina gundi mbaya, na nyuzi tatu badala ya nne. Seti mpya ya nyuzi nzuri peke yake inaweza kula ile elfu ishirini yote ya broka. Ukitoa kazi ya fundi na gharama ya kuisafirisha, milioni yangu ishirini inabaki hadithi. Lakini elfu ishirini pia ni matusi. Broka aliona urembo wa mkahawa, mimi niliona watazamaji, na sote wawili hatukuiangalia.

Shida ni kilichofuata. Kamati ya kanisa iliona vidio. Wakanunua kufuli, wakafunga stoo, na sasa wanangoja mzungu aje na sanduku la pesa. Kabla ya mimi kufika, kulikuwa na msichana wa sekondari, mwimbaji wa sauti ya pili, anaingia kila Jumamosi anapiga zile nyuzi tatu. Hakuna mtu alikuwa amemfundisha. Mwalimu wa kwaya anasema alikuwa ameshaanza kushika besi ya nyimbo nne. Sasa anaambiwa asiguse, mali ya mamilioni hiyo.

Wazee wa kamati, naongea na heshima: fungueni. Najua kuna wanaosema iuzwe tununue kinanda na spika, na siwezi kuwacheka, spika za sasa zinakwaruza. Lakini kuuza ikiwa hivi ni kuuza kwa bei ya kuni. Na kuifungia hakuilindi. Stoo ina panya, ina bati, na hakuna mtu wa kuona ufa ukisogea sentimita moja. Anayeipiga kila wiki ndiye angeuona kwanza.

Na msiniambie hiki ni kitu cha wazungu. Zanzibar taarabu ina dabo besi miaka na mikaka, nenda usikilize Culture Musical Club. Kwenye kidumbaki, wakikosa hiyo, wanachukua sanduku, fimbo na kamba, na watu wanacheza hadi asubuhi. Korogocho hapa jirani, Ghetto Classics wamefundisha watoto muziki wa okestra tangu 2008.

Fundi amekubali kushughulikia ufa wa roho na nyuzi kwanza, shingo baadaye, kwa malipo ya polepole. Pesa niliyopata kwa ile vidio nimempelekea mwalimu wa kwaya, haitoshi lakini inaanzisha. Vidio yenyewe sijaifuta. Nimebandika komenti juu inayosema nilidanganya bila kujua, na kiungo cha hii posti. Kamati inakaa Jumapili baada ya misa ya pili. Nimeomba dakika tano, na nitakuja na tochi niwaonyeshe ile lebo, mstari wa chini.