Goti la Mama Si la Kufichwa



Kuna maumivu ambayo mama zetu huyastahamili kimya kwa miaka. Aliyezoea kukaa juu ya mbuzi akikuna nazi huanza kutafuta kiti. Aliyepanda ngazi kwa wepesi sasa hushika ukuta. Akiulizwa, hujibu, "Ni uzee tu, wanangu." Jamaa huridhika na jibu hilo, wakamchua kwa mafuta, mambo yakaishia hapo.

Mara nyingi kinachomsumbua ni kulika kwa gegedu, ule mfupa laini unaofunika ncha za mifupa ndani ya goti. Likiisha, mfupa husagana na mfupa. Goti huvimba, hukaza asubuhi, na mguu huweza kupinda. Maradhi haya huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Matibabu hayaanzi kwa kisu. Huanza kwa mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, bakora ishikwayo upande wa mguu ulio mzima, dawa kwa ushauri wa daktari, na kupunguza uzito. Kwani kila kilo 1 inayopungua mwilini hulipunguzia goti mzigo wa takriban kilo 4 katika kila hatua.

Hayo yasipofaa, na maumivu yakamnyima mama usingizi, ndipo upasuaji wa kubadilisha goti hufikiriwa. Goti zima haliondolewi, kama wengi wanavyodhani. Daktari huondoa tabaka la juu la mifupa iliyoharibika, akaifunika kwa chuma na plastiki ngumu. Magoti mengi ya namna hii hudumu zaidi ya miaka 15. Hatari zipo, zikiwemo maambukizi na damu kuganda mguuni. Na mwenye kisukari sharti sukari yake idhibitiwe kwanza. Mgonjwa husimamishwa siku hiyo hiyo au ya pili yake, na hapo ndipo kazi ya jamaa huanza. Wiki nyingi za kukunja na kunyoosha goti zina uchungu, na anayemhurumia mama akamwacha alale tu huliacha goti likakaza.

Iko khofu moja ambayo mama huona haya kuitaja: sijida. Ni kweli kwamba wengi waliopasuliwa huona taabu kupiga magoti, na ni vyema daktari aulizwe jambo hili mapema. Lakini dini yetu haikumfungia mgonjwa mlango. Mtume (S.A.W.) alimfundisha sahaba Imran bin Huswein, aliyekuwa mgonjwa, aswali kwa kusimama, asipoweza, akae, asipoweza, alale ubavu. Basi mama anayeswali kitini kwa udhuru asitazamwe kwa jicho la pembeni.

Wiki hii tuwaulize mama zetu tena, kwa upole, tusikubali jibu la "uzee tu". Tufuatane nao kwa daktari, tusikilize pamoja, na uamuzi uwe wao. Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote. Amin.