Beki naye ni mchezaji

Hivi majuzi nilikwenda nyumbani Kisumu kumjulia hali kaka yangu na familia yake kule Manyatta. Nilipofika nilikuta nyumba nzima imenuna. Mwana wa kaka, kijana wa miaka 13, alikuwa amejifungia chumbani tangu jana yake. Ugali na ngege aliowekewa vilikuwa vimepoa mezani. Nikadhani ni mambo ya mtihani. Wapi! Mwalimu wa michezo alikuwa amemtoa safu ya mbele akamrudisha nyuma kuwa beki, nambari tano mgongoni.

"Shangazi, beki ni kazi ya watu wasiojua mpira," aliniambia alipokubali kufungua mlango. "Nani anamjua beki?"

Swali hilo lilinikera kwa sababu sikuwa na jibu la haraka. Hebu jaribu nawe. Ukiulizwa wafungaji wa Harambee Stars utamtaja Dennis Oliech, utamtaja Michael Olunga, na hata mtoto wa chekechea atakusaidia. Ukiulizwa mabeki utaanza kukuna kichwa.

Babu yake, ambaye alikuwa kitini karibu na redio na sote tukidhani amesinzia, ndiye aliyejibu. "Makamu," akasema, kisha akafumba macho tena.

Makamu ni Austin Oduor, mlinzi na nahodha wa Gor Mahia ya mwaka 1987. Wazee wa Kisumu wakilitamka jina hilo huvuta pumzi kwanza. Mwaka huo Gor ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, lile lililoitwa Kombe la Mandela, ikakutana na Espérance ya Tunisia. Kule Tunis walitoka sare 2–2. Marudiano uwanjani Kasarani, Nairobi, yakaisha 1–1. Hesabu ya mabao ya ugenini ikawapa Gor kombe, la kwanza la bara kuja Kenya. Wafungaji waliimbwa, na walistahili. Lakini aliyepokea kombe na kuliinua alikuwa beki. Katika Kiswahili makamu ni msaidizi wa mkubwa, na siku hiyo msaidizi ndiye aliyeshika mali.

Tena kuna jambo la kuchekesha katika ukoo huo. Ndugu yake Makamu, Mike Okoth, alikuwa mshambuliaji, na mtoto wa Okoth ni Divock Origi. Mwezi Mei 2019 Divock aliifunga Barcelona mabao mawili akiwa na Liverpool, na Juni mosi akafunga katika fainali ya Klabu Bingwa Ulaya. Dunia nzima inamjua Divock. Baba yake mkubwa aliyeleta kombe Kenya anajulikana na akina babu walio karibu na redio.

"Hayo ni ya kale, shangazi," kijana akasema. Kweli, 1987 hata mimi sikuwa na habari na mpira. Basi nikamtolea wa siku hizi, tena mzaliwa wa hapo hapo Kisumu: Joseph Okumu.

Okumu alizaliwa Mei 26, 1997. Alianza ligi kuu katika timu ya kiwanda, Chemelil Sugar, kule kwenye mashamba ya miwa upande wa Muhoroni. Kijana mrefu, zaidi ya mita 1.90, mwenye miguu ambayo ungedhani ni ya mkimbiaji. Mwaka 2016 akanunuliwa na Free State Stars ya mji wa Bethlehem, Afrika Kusini. Kila kijana wa Kisumu angeona huo ndio mwisho wa shida. Lakini kule hakupata nafasi ya kutosha. Wewe mzazi jaribu kuwaza mtoto wako wa miaka 19 akiwa mji wa baridi, mbali na ziwa, anafanya mazoezi kila asubuhi na Jumamosi inampita. Mshambuliaji akiingizwa dakika kumi za mwisho anaweza kufunga na maisha yakabadilika. Beki wa kati haingizwi ovyo. Kocha hapendi kuigusa ngome yake mpaka mtu avunjike au akosee.

Mwaka 2018 akavuka bahari hadi jimbo la Utah, Marekani, kuchezea Real Monarchs. Hiyo si ligi kuu ya huko. Ni timu ya pili ya Real Salt Lake. Kwa mtu mwenye haraka hiyo ni kushuka ngazi. Yeye alikwenda kwa sababu huko angecheza.

Kisha ikaja Juni 2019, Kombe la Mataifa ya Afrika nchini Misri. Kenya ilikuwa imepiga kambi Ufaransa, na huko beki Brian Mandela akaumia goti, safari yake ikaishia hapo. Ndipo Okumu, miaka 22, akachukua nafasi katikati ya ngome. Sitakudanganya kwamba Kenya ilitamba. Tulifungwa 2–0 na Algeria waliokuja kuwa mabingwa, tukawashinda majirani zetu Tanzania 3–2 katika mechi iliyotunyima usingizi, kisha Senegal ikatupa 3–0. Mabao saba katika mechi tatu za beki si sifa. Lakini wanaotafuta wachezaji hawahesabu mabao peke yake. Huangalia nani amekaa mahali pake na nani haogopi mpira mguuni anapokimbiliwa. Mwezi Agosti mwaka huo huo Okumu alikuwa Sweden, mjini Borås, na timu ya Elfsborg.

Hapo ndipo milango ilipofunguka. Mwaka 2020 Elfsborg ilimaliza ligi ikiwa ya pili. Mwaka 2021 Gent ya Ubelgiji ikamchukua, na Aprili 2022 Gent ikatwaa Kombe la Ubelgiji kwa kuishinda Anderlecht kwa penalti baada ya sare ya 0–0. Sare tupu katika fainali! Mashabiki husonya wakisikia hivyo, lakini kwa beki hiyo ni mechi iliyochezwa vizuri. Mwaka huo huo, kuanzia Februari hadi Novemba, FIFA iliifungia Kenya kwa sababu ya mvutano wa viongozi, kwa hiyo jezi ya taifa ikakaa kabatini bila kosa la mchezaji yeyote. Kufikia 2023 Okumu alikuwa akijiunga na Reims ya Ufaransa. Kutoka Chemelil mpaka Reims alikuwa amefanya kazi katika nchi sita, na miaka saba ilikuwa imepita tangu aondoke nyumbani.

Nilipofika hapo babu akafumbua macho tena na kuuliza, "Na hiyo Chemelil iko wapi sasa?" Mzee hukatiza raha. Timu hiyo ilishuka kutoka ligi kuu mwaka 2020. SoNy Sugar ya Awendo, mabingwa wa Kenya 2006, nayo iliondolewa ligini 2019 iliposhindwa kufika uwanjani. Viwanda vya sukari vilipoanza kuyumba, timu zake nazo zilikosa nauli. Tunapenda kupiga picha mchezaji akisaini mkataba Ulaya, lakini sioni tukijiuliza kijana mrefu wa Kondele au Nyalenda ataanzia wapi. Kisumu ilipata uwanja mpya kule Mamboleo, uliotumiwa kwa sherehe za Madaraka mwaka 2021. Uwanja ni jambo jema. Lakini uwanja haumwandikishi mtoto wala haumlipii chakula cha mchana baada ya mazoezi, kama ilivyofanya timu ya kiwanda.

Kijana hakujibu kitu. Alikwenda mezani akala ngege wake baridi mpaka mifupa, kisha akaniuliza kama Okumu naye aliwahi kuwa mshambuliaji. Nikamwambia hilo amuulize mwenyewe siku wakikutana.

Nilirudi Nairobi. Jumamosi iliyofuata, saa moja usiku, simu ya mama yake ikalia. Ni yeye. Shule yake ilikuwa imecheza na jirani zao wa upande wa Kibos na wametoka 0–0. Alinieleza mara tatu jinsi alivyomnyang'anya mpira kijana mmoja mrefu ambaye, kwa maelezo yake, alikuwa na ndevu. Mara ya tatu yule kijana alikuwa amerefuka zaidi. Halafu akashusha sauti, nadhani ili babu asisikie, akauliza nauli ya kutoka Kisumu hadi Chemelil ni shilingi ngapi.